Msamaha Ambao Sikuuomba

11 Januari

Mwanangu,

Huku hatujambo, na kama na ninyi hamjambo basi nusu ya barua imeshaandikika. Mama yako alifanyiwa upasuaji wa jicho la kushoto Jumanne iliyopita. Daktari anasema limekwenda vizuri. Yeye anasema daktari ni mtoto mdogo na mikono yake ilikuwa baridi. Atakaa kwangu mpaka bandeji itolewe, na ameshanipangia upya kabati la vyombo kwa kupapasa. Goti langu ni lile lile. Nikipanda ngazi za mahakama nasimama katikati, najifanya nasoma matangazo ubaoni.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia na simu ninayo. Mwezi uliopita mazungumzo ya simu ya hakimu mwenzangu na mdogo wake yalisambaa mji mzima, mpaka pale anapomwambia amnunulie dawa ya fangasi ya miguu. Tangu siku hiyo simu yangu ni ya kuulizia bei ya nyanya tu.

Sasa habari yenyewe. Jina langu limo kwenye orodha ya wanaopendekezwa kuwa majaji wa Mahakama Kuu. Unajua nimeomba mara tatu na mara tatu nimejibiwa kwa barua ya mistari miwili. Safari hii sikuomba. Tume inayopendekeza majaji ndiyo iliyonipigia. Nilipouliza kimebadilika nini, bwana wa upande wa pili akacheka, akasema, "Mama, nchi nzima inakujua."

Nchi nzima hainijui mimi. Inamjua huyo mwanamke wako. Tangu mchezo wako wa televisheni uanze, na hakimu wako akapewa miwani kama yangu na kikohozi kama changu, watu wameamua kwamba Mama Nyundo ni mimi. Kwanza, sina nyundo. Miaka ishirini na saba kitini sijawahi kugonga meza kwa kitu chochote isipokuwa kiganja, tena mara moja, na nilikuwa naua mbu. Pili, kesi haziishi kwa dakika arobaini. Zingekuwa zinaisha hivyo ningekuwa na goti zima. Wiki iliyopita mshtakiwa aliniomba kutoka kizimbani nimpe "ile adhabu ya kufagia soko siku saba." Adhabu hiyo uliitunga wewe. Karani wangu alicheka, mwendesha mashtaka alicheka, na mimi nikajikuta nafungua kitabu cha sheria kuangalia kama ipo.

Jambo la mwisho, dogo. Karani anasema ameona tangazo la sehemu inayokuja: kuna fundi anafungwa kwa wizi ambao hakuufanya. Fundi gani huyo? Nauliza tu. Ingekuwa vizuri kama hadithi hiyo ingesubiri mpaka shughuli zangu za Tume ziishe. Huna haja ya kuniuliza kwa nini.

Msalimie mkwe wangu na mjukuu.

Shangazi yako

*

9 Februari

Shikamoo Shangazi,

Barua yako imenifikia juzi. Ilipelekwa kwenye ofisi za zamani za kituo chetu cha televisheni, mlinzi akaiweka dirishani, ikakaa pale inaota jua mpaka dada wa usafi aliponitambua kwa jina. Sisi wazima. Mjukuu wako ameng'oka meno mawili ya mbele, kila neno linatoka na mluzi. Mke wangu anasema pole nyingi kwa Mama, na asisogeze makabati tena.

Hongera, Shangazi. Ungenisikia nilivyopiga kelele ofisini ungenitoza faini. Kama kuna mtu anastahili, ni wewe, na ulistahili kabla Mama Nyundo hajazaliwa.

Sasa kuhusu yule fundi. Samahani, ilikuwa imeshaonyeshwa Jumapili moja mwezi uliopita, kabla sijaiona barua yako. Labda hukuitazama, kwa hiyo nikusimulie. Mama Nyundo amemfunga fundi redio miaka minne. Siku moja mlinzi wa ghala anakamatwa kwa jambo jingine, anakiri kwamba ule wizi nao ni wake. Mama Nyundo anamwita fundi kutoka gerezani. Mbele ya watu wote anashuka kitini, anavua joho, anamshika mikono na kumwambia, "Nyundo imepiga kidole. Nisamehe." Basi. Hakuna kingine.

Shangazi, sijawahi kuona kitu kama hicho. Maneno yale matatu yako kila mahali. Golikipa kafungwa bao la kizembe, anainua mikono: nyundo imepiga kidole. Mhudumu kaniletea chai ya mtu mwingine, hivyo hivyo. Waziri kaulizwa kuhusu barabara iliyobomoka, naye eti nyundo imepiga kidole, na ukumbi ukacheka badala ya kumtoa. Hilo la waziri halikunifurahisha.

Umeuliza ni fundi gani. Fundi ni fundi tu. Kila mtaa una fundi, na kila fundi ana siku yake mbaya.

Najua unaona nafanya mzaha na kazi yako. Lakini watu wamechoka, Shangazi. Wanaingia mahakamani kama wanaoingia kwenye chumba cha baridi. Nilitaka wamwone hakimu mmoja, hata wa kubuni, akisema amekosea.

Mwanao

*

27 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Bandeji imetoka, mama yako anaona mpaka vumbi lililo juu ya fremu ya mlango wangu, na hanyamazi. Mvua zimeanza. Karani wangu anaolewa mwezi wa sita na ameniomba ruhusa ya wiki mbili kana kwamba anaomba figo.

Nimesailiwa na kamati ya bunge. Nadhani uliona, maana ilirushwa moja kwa moja na kituo chako kilinipa muziki wa kuingilia.

Nilijiandaa wiki tatu. Nilizisoma upya hukumu zangu zote kubwa, maana nilidhani wataniuliza kwa nini niliamua vile na si hivi. Hakuna aliyesoma hata moja. Zimo masijala, zimefungwa kwa kamba, na panya wanazijua kuliko wabunge. Upande wa serikali unanitaka kwa sababu napendwa na watu. Upinzani unanitaka kwa sababu katika sehemu ya tisa Mama Nyundo alimfunga waziri. Sijawahi kufunga waziri. Hakuna waziri aliyewahi kuletwa mbele yangu. Wakiugua kesi zao hutibiwa kwingine. Pande hizi mbili haziwezi kukubaliana hata rangi ya kupaka choo cha bunge, lakini kwangu walikubaliana, tena kwa mwanamke asiyekuwepo. Naona sasa majaji tunachaguliwa kama wimbo wa harusi: unaotakiwa ni ule ambao kila mtu anaweza kuuitikia bila kufikiri.

Yote hayo ningeyacheka. Lililotokea baadaye silielewi, na nakuandikia labda kwa kuliandika nitalielewa.

Karibu na mwisho alisimama mbunge mmoja mama mtu mzima, mpole, mwenye leso mkononi. Akasema, "Mheshimiwa Hakimu, mimi sina swali. Nataka kukushukuru kwa siku ile uliposhuka kitini ukamwomba msamaha yule fundi. Hilo halijawahi kufanywa na hakimu yeyote." Chumba kizima kikapiga makofi. Mwenyekiti naye akapiga.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema kwamba ile ni televisheni. Nikasema, "Ahsante."

Sijui kwa nini. Nimejiuliza nikioga, nimejiuliza nikiwa kitini huku wakili anazungumza. Haikuwa tamaa, au haikuwa tamaa peke yake. Kwa sekunde kama tatu, mwanangu, niliamini kwamba nilifanya. Niliiona mikono ya yule fundi ndani ya mikono yangu. Niliona hata kucha zake.

Nimepitishwa kwa kura zote. Nilipofika nyumbani mama yako alikuwa amezima televisheni na kukaa mbele yake. Akaniuliza, "Wifi, ulimwomba nani msamaha?" Nikamwambia chai yake inapoa.

Sikuulizi hadithi hiyo uliitoa wapi.

Shangazi yako

*

15 Machi

Shikamoo Shangazi,

Tuko salama, binti yetu anapiga mluzi bado. Nilikuona kwenye televisheni. Wenzangu walishangilia, wakanipiga mgongoni, mkurugenzi akaagiza soda za watu wote. Mimi nilikuwa natazama mdomo wako. Niliona ulivyofunguka kwa neno jingine kabla ya ahsante.

Ningekuambia tuache, hakuna aliyeumia. Hivyo ndivyo nilivyotaka kuandika. Lakini kituo kimenipa barua ya mtazamaji, nami naiweka humu ndani. Nanakili kipande hapa kwa sababu mwandiko umefifia kwenye mkunjo:

"Mimi ndiye yule fundi, ila mimi ni wa friji, redio siziwezi. Na vilivyoibiwa ni kompresa tano, si redio. Nadhani siku hakimu aliponitafuta sikuwepo, ndiyo maana mkatumia mwigizaji. Si neno. Nilitumikia yangu yote minne, nimetoka, nafanya kazi. Mwambieni yule mama nimemsamehe. Siku ile nililala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu nikamatwe."

Nyuma ameandika kibanda chake kilipo. Ni mjini kwenu, nyuma ya kituo cha mafuta.

Shangazi, sasa ngoja niseme na mimi langu. Siku ile hospitali, wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Baba alikuwa na mpira wa hewa puani. Ulimshika mkono, ukadhani nimesinzia kwenye kiti. Sikuwa nimesinzia. Nilisikia habari ya mlinzi na zile kompresa. Nilikusikia ukimwambia Baba, "Jumatatu nitalifungua lile jalada." Baba akafariki Jumapili.

Mimi nilidhani ulilifungua. Kama si Jumatatu ile, basi Jumatatu nyingine. Kushuka kitini na kuvua joho nilitunga, lakini kile kiini sikukitunga. Nilidhani naandika kitu kilichotokea, ambacho wewe kwa unyenyekevu wako hukutaka kukitaja.

Huyu bwana anasema alitumikia minne yote. Baba alifariki yeye akiwa na miwili nyuma na miwili mbele. Nisaidie kuelewa.

Mwanao

*

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako amerudi kwake, anaona vizuri, amenunua pazia jipya la rangi ambayo kama angekuwa haoni nisingeshangaa. Bati la jikoni linavuja. Nimepimwa joho la ujaji. Mikono ni mirefu, itakunjwa. Kuapishwa ni tarehe kumi Mei.

Barua ya yule bwana nimeisoma. Ana mwandiko mzuri.

Msalimie mkwe wangu.

Shangazi yako

*

24 Aprili

Mwanangu,

Sikusubiri jibu lako, na barua yangu ya mwisho ichane. Ilikuwa barua ya mtu anayejificha nyuma ya bati. Leo sina habari za familia isipokuwa hii, na hii ni ya familia.

Yule mlinzi aliletwa mbele yangu kwa wizi wa nyaya. Katika maelezo yake kulikuwa na mistari mitano hivi: kompresa za mwaka juzi nilichukua mimi, yule fundi alionewa kwa sababu ya ufunguo. Nilisoma mara mbili. Mimi ndiye niliyemfunga fundi kwa sababu ya ufunguo ule, wa ghala, uliokutwa kwake. Nilichotakiwa kufanya ni kupeleka majalada yote mawili Mahakama Kuu na barua ya ukurasa mmoja. Ni kazi ya asubuhi moja. Mwezi ule jina langu lilikuwa linajadiliwa kwa mara ya kwanza. Nikasema wiki ijayo. Kisha baba yako akazidiwa, nikamwambia yeye kwa sababu sikuwa na mwingine wa kumwambia. Kisha tukamzika. Niliporudi kazini wiki tatu zilikuwa zimepita, nikaona aibu ya kuchelewa. Mwezi ukapita, aibu ikawa kubwa kuliko kosa. Jalada nikaliweka kabati la chini. Barua ya kukataliwa ujaji ikaja, nikaendelea kunyamaza hata bila sababu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nimewasikiliza watu elfu kadhaa wakieleza makosa yao kizimbani na nikawaambia wafupishe. Sasa naona haifupishiki.

Jumamosi nilikwenda kwenye kile kibanda. Kina friji nne mlangoni zimefunguliwa migongo, na waya wa umeme uliotundikwa nguo za kazi. Mtu mwenyewe ni mdogo wa umbo, ana mvi kuliko umri wake. Alikuwa amepiga magoti anachomelea bomba. Akaniuliza bila kugeuka friji yangu ina tatizo gani, haigandishi au haizimi.

Nikamwambia sikuja na friji. "Mimi ndiye hakimu."

Akazima moto, akanitazama vizuri. "Hapana," akasema. "Yule ni mrefu."

Ilinichukua muda kumfahamisha. Nilimtajia tarehe ya hukumu, jina la kampuni, rangi ya shati alilovaa siku ile. Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Akauliza kama basi siku ile sikumtafuta. Nikasema sikumtafuta. Akauliza na ile ya televisheni ni nini. Nikasema ni mchezo, umeandikwa na mtoto wa kaka yangu. Halafu akauliza swali ambalo nilitoka nyumbani nikiomba asiliulize.

"Ulijua lini?"

"Ulipokuwa umebakiza miaka miwili."

Akakaa juu ya friji iliyolazwa. Akasema ni ndani ya miaka miwili hiyo ndipo mkewe alipoacha kwenda kumwona. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayepanga vitu kwa tarehe.

Nilisema samahani. Kwenye mchezo wako neno lile lilichukua dakika nzima na muziki. Langu lilimezwa na mashine ya kuchonga vyuma ya jirani, ikabidi nilirudie kwa sauti, kama mtu anayeagiza kitu dukani.

Akasema, "Yule wa televisheni nilishamsamehe. Wewe sijui." Kisha akasema, "Afadhali usingekuja. Nilikuwa nimeshamaliza."

Hapo ndipo ninapopotea, mwanangu. Mtu alikuwa amepata amani kwa uongo wako, nami nimekwenda kumnyang'anya kwa ukweli wangu. Nani kati yetu kamtendea vizuri? Nikiwa kitini ningejua la kusema. Kwenye kile kibanda sikujua hata mkoba wangu niuweke wapi.

Nilikuwa nimeshafika barabarani aliponiita. Hakuniita kwa heshima wala kwa dharau, alisema tu, "Wewe mama." Akaniambia bohari ya chanjo ya serikali inatafuta fundi wa majokofu, na ameomba mara mbili. Kila mara polisi wanampa cheti chenye ile hukumu. "Unaweza kuniondolea ile karatasi?"

Jumatatu nililitoa jalada kabati la chini. Nimeyapeleka yote mawili Mahakama Kuu, nikaambatanisha ukurasa wa mkono wangu unaosema nilijua nini na nilijua lini. Nimeandika pia kwa kamati ya bunge kwamba niliposema ahsante nilikubali sifa ya kitu ambacho sikukifanya.

Ulinisikia nikitoa ahadi ile. Sasa ujue kwamba imetimizwa ikiwa imechelewa miaka tisa.

Shangazi yako

*

20 Mei

Shikamoo Shangazi,

Barua yako ilifika siku nne kabla ya kuapishwa. Niliisoma kwenye ngazi za studio na sikuweza kuingia kazini. Nilikaa mbele ya televisheni tarehe kumi na binti yangu mapajani, tukasikiliza majina yote mpaka la mwisho. Lako halikuwepo. Akaniuliza bibi yuko wapi, nikasema yupo kazini.

Sijui huko kwenu magazeti yanasemaje. Huku moja limesema serikali imekuondoa kwa sababu inakuogopa. Jingine limesema umejiondoa mwenyewe kwa afya. La tatu lilipata barua yako kwa kamati, likaichapisha nzima, na kichwa cha habari kikawa: MAMA NYUNDO AOMBA TENA MSAMAHA. Wasomaji wanakusifu. Nimesoma maoni zaidi ya mia mbili na sijaona hata mmoja aliyeelewa kwamba ulikuwa unasema hukuomba. Upinzani umechapisha fulana. Yule mbunge mwenye leso amesema barua si yako, umelazimishwa kuiandika. Nimejaribu kuwaeleza wenzangu ofisini jambo lilivyo, nikafika katikati nikaona nami nimechanganya nani alisema nini na kwenye sehemu ya ngapi.

Mkurugenzi aliniita. Anataka iandikwe. Hakimu anakwenda kibandani, fundi anamkataa, machozi, msimu wa pili. Nimemwambia hapana. Halafu nilikwenda chooni kunawa uso, na Shangazi, nikajikuta napanga mazungumzo kichwani. Nilikuwa nimeshafika pale anapofuta vidole. Hiyo ndiyo aibu yangu, na naiandika hapa kwa sababu ulinionyesha yako.

Nimeandika barua ya kuacha kazi. Wamemtafuta mwandishi mwingine. Ni kijana hodari, wataendelea vizuri. Mke wangu anasema tutabana matumizi kidogo, na kwamba nimeanza kulala.

Yale maneno ulimpa Baba, hukunipa mimi. Niliyachukua. Ila kila nikifikiria, sijui kosa langu ni kuyaandika, au ni kukaa nayo miaka tisa bila kukuuliza Jumatatu yoyote, "Shangazi, vipi lile jalada?" Naomba unisamehe kwa lile lililo kosa.

Mwanao

*

30 Juni

Mwanangu,

Marahaba, na marahaba tena. Karani ameolewa. Mama yako, na utu uzima wake, alicheza mpaka kiatu kikakatika kisigino. Nimemwambia yote kuhusu jalada, tukiwa tunamenya viazi. Alimenya viwili vizima, kisha akasema kaka yangu alijua sitalifungua Jumatatu ile, na alimwambia hivyo yeye mkewe kabla ya kufa. Nikauliza kwa nini hawakuniambia. Akasema, "Tulikuwa tunakuogopa, wifi. Wewe ni hakimu." Nimelala na maneno hayo wiki nzima.

Tume imeniandikia kwamba suala langu "linashughulikiwa." Niko chumba changu kile kile, kiti kile kile. Kuna watakaonishtaki kwa utovu wa nidhamu na huenda wana haki. Kuna wanaonipigia makofi nikipita sokoni, nao hawajui wanapigia nini. Nimeacha kuwaeleza. Kila nikieleza wanasema, "Ona alivyo mnyenyekevu."

Kuhusu msamaha uliouomba: ulichukua, ndiyo. Ungeniomba ningekataa, na yule bwana angekuwa na ile karatasi mpaka leo. Nimekusamehe yote mawili, usichague. Lakini usikae bila kazi kwa ajili yangu. Andika kitu kingine. Andika kuhusu mtu anayetengeneza viatu na asiyejua hakimu hata mmoja.

Jumatano shauri la fundi lilisikilizwa Mahakama Kuu. Nilikwenda kama mtu wa kawaida, nikakaa benchi la nyuma. Yeye alikuja na shati lililopigwa pasi mpaka linang'aa. Alikaa mbele peke yake, akageuka mara tatu, kisha akainuka akaja kukaa karibu yangu. Hatukusalimiana. Nadhani humo ndani hakuwa na mtu mwingine anayemjua.

Jaji ni kijana, mmoja wa wale walioapishwa tarehe kumi. Alisoma haraka, kichwa chini, kwa lugha yetu ile ya vifungu na vifungu vidogo. Alinitaja mara mbili na hakunitaja vizuri, na alikuwa sahihi. Dakika nne, nilitazama saa ya ukutani. Hakushuka kitini. Hakuna aliyepiga makofi. Karani akaita shauri linalofuata, la mpaka wa kiwanja, na watu wa kiwanja wakaanza kusukumana kuja mbele, sisi tukatoka.

Kwenye korido yule fundi alikuwa ameishika nakala ya hukumu kwa mikono miwili. Alisoma ukurasa wa kwanza, akafungua wa pili, akarudi wa kwanza. Akanigeukia.

"Wamesema nini?"

"Wamesema hukuiba."

Akakaa kwenye benchi. Akaniambia nirudie, polepole. Nikakaa na mimi, nikarudia. Watu walikuwa wanapita na mafaili yao, mmoja akatukanyaga miguu akaomba radhi. Fundi akaniambia nirudie tena. Nikasema tena hukuiba, na tena, mpaka aliposema basi.

Shangazi yako